Gauni la Fomu: Jinsi ya Kushona Hoja Yetu kwa Vitu Vilivyotupwa

Kabla hujaokota hata chupa moja, jiulize kwa nini umechagua takataka. Wengi wanaonijia wakitaka kuandaa onyesho la mavazi kuhusu watu wa transijenda, yaani watu ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, huwa na jibu tayari: vitu vya kutupwa havina gharama, na mazingira ni mada inayopendwa na wafadhili. Sababu hizo hazinitoshi. Mimi ni fundi cherehani na ni mwanamke wa transijenda, na najua kinachopita kichwani mwa mtazamaji wa safu ya tatu anapomwona mtu kama mimi akitokea jukwaani amejifunga makopo. Haoni ubunifu. Anaona uchafu umevaa uchafu. Picha hiyo ameshafundishwa zamani, usimsaidie kuikamilisha.

Kwa hiyo kila mradi ninaukata kwa kanuni moja: kilichotupwa kimshitaki aliyetupa. Chagua kitu kinachotoka mahali penyewe ambapo mtu wa transijenda anafungiwa mlango. Fomu, muhuri na bahasha zinatoka ofisini. Pakiti tupu za vidonge zinatoka hospitalini. Viroba na ovaroli zilizochakaa zinatoka kazini. Kisha kishone kitu hicho kwa umaliziaji safi kuliko nguo ya dukani, na bitana ndani, mishono iliyofunikwa, upindo ulionyooka. Mtazamaji akisogea karibu aone kazi ya fundi, asione vitu vilivyobandikwa usiku wa kuamkia onyesho.

Ninapofundisha humtaja Marsha P. Johnson, mmoja wa watu wanaokumbukwa kwa upinzani uliozuka New York mwaka 1969 baada ya polisi kuvamia Stonewall, baa walikokutana mashoga na watu wa transijenda. Alijulikana kwa mataji ya maua kichwani, na mengi ya maua hayo yalikuwa mabaki ya mtaa wa wauza maua, ambako nyakati nyingine alilala kwa kukosa makazi. Hakuhitaji bango. Ukimwangalia unaona kwa pamoja mtu aliyenyimwa paa na mtu aliyekataa kunyimwa urembo. Nguo yako ifike hapo.

Chagua mlango mmoja

"Kutokuwepo kwa usawa" ni maneno mapana mno kuyavisha mtu mmoja. Onyesho linalotaka kusema habari za ndoa, kazi, hospitali, polisi, familia na dini kwa dakika kumi halisemi lolote. Kaeni na watu wa transijenda watakaopanda jukwaani, waulize ni mlango gani unawauma zaidi, halafu mwandike sentensi moja tu ambayo hata mtoto ataielewa. Yetu, katika kazi nitakayoieleza hapa, gauni lililoshonwa kwa fomu za ofisini, ilikuwa hii: cheti chako kinataja mtu mwingine, basi kazi uliyosomea huipati.

Ukiwa na sentensi, tafuta ukweli wa kuibeba. Kuhusu vyeti, mfano ulio karibu na wasomaji wengi wa Kiswahili ni wa Audrey Mbugua, mwanamke wa transijenda wa Kenya. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru baraza la mitihani limpe cheti kipya cha sekondari chenye jina lake na kisichokuwa na alama ya jinsia. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Botswana nayo iliamuru serikali ibadilishe alama ya jinsia kwenye kitambulisho cha mwanamume wa transijenda. Argentina ilipitisha sheria mwaka 2012 inayomruhusu mtu mzima kubadilisha taarifa hizo bila idhini ya hakimu na bila kudaiwa upasuaji. Mambo haya usiyarundike jukwaani. Yakae kwa mtu atakayezungumza na watazamaji baada ya onyesho, maana hapo ndipo mtu atainua mkono na kusema jambo hili haliwezekani.

Gauni lenyewe

Karatasi peke yake hupasuka kiunoni mara tu mvaaji anapoketi. Siri ni kuigeuza iwe kitambaa. Tafuta shuka kuukuu la pamba, lifue, lipige pasi, ulitandaze juu ya nailoni. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, kiasi kimoja cha gundi kwa viwili vya maji, upake shuka kwa brashi pana. Laza karatasi juu yake, kila moja ikipanda kidogo juu ya jirani yake, kisha pitisha chupa kuanzia katikati kwenda pembeni ili kutoa viputo vya hewa. Paka tena juu, tabaka jembamba. Acha ikauke kabisa, usiku kucha au zaidi hewa ikiwa nzito. Ikikauka itakuwa ngumu, nawe ifikiche kwa mikono taratibu mpaka ilegee. Mikunjo itakayobaki ni mizuri, inafanana na hati iliyokunjwa na kukunjuliwa kwenye kila dirisha la ofisi.

Karatasi gani? Fomu tupu, nakala zilizoharibika kwenye mashine, fomu ulizochapa mwenyewe kwa kuiga mpangilio wa zile za kweli. Usitumie cheti halisi cha mtu, hata akikupa kwa moyo mweupe: kuharibu hati ya serikali kunaweza kuwa kosa kisheria, na namba zake zitasomeka kwenye kila picha. Jina la zamani la mtu yeyote lisionekane popote. Kwenye nafasi ya jina sisi tuliacha mstari mtupu, na kwenye nafasi ya jinsia tuliacha visanduku viwili vidogo, vikirudiwarudiwa kuanzia kola hadi chini. Kwa mbali vinaonekana kama maua ya kitenge. Watu hucheka wanapokaribia na kugundua ni nini.

Sasa mkasi. Kitambaa hiki hakivutiki hata kidogo, kwa hiyo ongeza sentimita sita hadi nane kwenye kifua na nyonga kuliko vipimo vya mwili. Kata vipande virefu vinavyoshuka kutoka begani hadi kiunoni badala ya kutegemea dati, ile mikunjo inayoshonewa ndani ili nguo ifuate mwili, kwa sababu dati kwenye karatasi hufanya kichomo. Usitumie pini, kila tundu linabaki milele. Tumia vibanio vya kuanikia nguo. Sindano iwe namba 100, mshono uwe mrefu wa milimita nne, maana mshono mfupi unaitoboa karatasi mpaka inachanika kwenye mstari kama stempu. Kwapani usiweke karatasi kabisa. Weka kipande cha pamba laini, kwa kuwa jasho la mtu anayecheza chini ya taa litaiyeyusha gundi kabla wimbo haujaisha. Mgongoni funga kwa velkro na si zipu. Velkro inafunguka kwa mvuto mmoja mvaaji akizidiwa na joto, na pia utaihitaji kwenye kugeuza, nitafika huko.

Sketi tulitoa kwenye miavuli iliyovunjika. Fumua kitambaa cha mwavuli kutoka kwenye vyuma na utapata pembetatu zilizokwisha kukatwa vizuri, nyingi zikiwa nane kwa kila mwavuli. Zipange ncha zikielekea kiunoni, uzikate ncha hizo kidogo, na sketi inaanza kuzunguka yenyewe. Ni kazi ya jioni moja na ndicho kipande ambacho watu husifia zaidi, jambo linaloniudhi kidogo nikikumbuka jasho la gauni la juu.

Kupima mwili wa mtu

Hapa ndipo mafundi wengi wanaotaka kutusaidia wanapotuumiza bila kujua. Pima mtu faraghani, ukiwa na mtu mmoja aliyemchagua yeye, na uombe ruhusa kabla tepu haijamgusa. Usiseme "kifua chako" wala "mabega yako ya kiume". Taja namba tu. Halafu uliza swali moja: ungependa nguo hii ionyeshe nini na inyamazie nini?

Majibu hayafanani. Mwanamke wa transijenda mmoja ataomba mabega yapunguzwe, nawe utamkatia mkono wa raglani, ule unaoanzia shingoni na kushuka kwa mshazari, jicho likafuata mstari na kusahau upana. Mwingine, rafiki yangu mrefu aliyevaa gauni la fomu, aliniambia niongeze mabega yawe mapana zaidi kwa sababu amechoka kujikunja. Tukayaongeza kwa sponji ya godoro kuukuu, akaingia jukwaani akilazimika kupita mlango kiubavu. Kwa wanaume wa transijenda, kata koti lishuke wima bila kubana kiuno, kola iwe nzito, na mfuko wa kifua uwekwe juu kidogo ili uvunje mstari wa kifua.

Neno moja kuhusu kubana kifua, jambo wanalofanya baadhi ya wanaume wa transijenda ili kionekane bapa. Bandeji na selotepu zisitumike kamwe, hukaza zaidi kadiri mtu anavyopumua na zinaweza kuumiza mbavu. Anayevaa fulana maalumu ya kubania asivalishwe tena koseti ya tyubu ya baiskeli juu yake na kuambiwa acheze. Mchague kimoja, na kama kuna kucheza sana, kata nguo inayoficha kifua kwa ulegevu wake bila kubana chochote.

Viroba, vidonge, plastiki

Viroba vya nafaka vilivyofumwa vinatengeneza koti zuri lenye umbo, na maandishi ya kiwandani ukiyapanga vyema mgongoni yanasomeka kama namba ya mfungwa au ya kibarua. Kingo zake hufumuka ovyo, hivyo zifunge zote kwa utepe wa kitambaa kabla ya kuunganisha. Ngozi huwashwa nazo, lazima bitana.

Pakiti tupu za vidonge nazipenda kwa sauti. Zioshe, kata kona zote ziwe za mviringo maana ni kali, toboa matundu pembeni na uziunganishe kwa vikuku vya waya mpaka upate mfano wa deraya. Mvaaji akitembea, ukumbi mzima unasikia. Kama mlango wenu ni hospitali, hapa panafaa msemaji akumbushe kwamba mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa iliyoondoa kuwa transijenda katika sura ya maradhi ya akili, nayo ikaanza kutumika mwaka 2022. Usianike dawa za mtu kwa jina. Lebo zote zibanduliwe, kwa sababu lebo moja inatosha kufichua kwamba mtu anatumia homoni au ana ugonjwa fulani.

Kuhusu moto: chupa nyembamba za soda na maji hulegea na kujikunja ukizitumbukiza kwenye maji yanayochemka, na unaweza kupata petali na manyoya bila kuwasha mshumaa. Mifuko ya plastiki huungana ikipangwa tabaka kadhaa katikati ya karatasi za kuokea na kupigwa pasi ya joto la wastani, dirisha likiwa wazi. Plastiki ya mabomba, mapazia ya bafuni na ngozi bandia usiipashe moto, nyingi ni za aina iitwayo PVC na moshi wake ni wa sumu. Na mtu aliyevaa plastiki asisogelee mshumaa, sigara wala fataki jukwaani. Plastiki ikiyeyuka inaganda kwenye ngozi.

Kuipa nguo tendo

Kutembea kwenda na kurudi hakutoshi. Jukwaa letu lina babu zake na bibi zake: watu weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini wa Harlem, mtaa wa New York, wengi wao wanawake wa transijenda, waliojenga utamaduni wa mashindano ya mavazi yenye "nyumba", yaani vikundi vinavyoishi kama familia, kila kimoja na mama anayekiongoza. Crystal LaBeija, aliyechoshwa na upendeleo wa rangi katika mashindano ya wakati ule, ni mwanzilishi wa nyumba ya LaBeija mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walivaa sare za jeshi na suti za ofisini kwa ukamilifu ili kuonyesha kwamba kinachowatenganisha na kazi hizo si uwezo. Iga somo hilo: vaa ofisi iliyokukataa.

Sisi tuliweka meza moja, kiti kimoja na muhuri mkubwa wa mbao. Afisa anaita, mvaaji anasogea, muhuri unagongwa kwenye gauni lenyewe kwa wino mwekundu, anarudishwa nyuma ya foleni. Anasogea tena. Kila mara alama moja zaidi, na kila mara mwendo unabadilika: wa kwanza ni wa bibi harusi, wa mwisho ni wa mtu anayehesabu nauli aliyobakiwa nayo. Jina lake la zamani halitamkwi. Afisa anapofika kwenye jina, kengele ya mezani inalia badala yake. Mtu asiyejua lolote kuhusu transijenda anaielewa kengele hiyo kwa mara ya pili inapolia.

Kabla ya hapo, mlangoni, kila mtazamaji alipewa fomu fupi ya kuthibitisha kwamba yeye ni mwanamume au mwanamke: lini ulijua kwa mara ya kwanza, nani shahidi wako, ambatanisha ushahidi. Wengine walicheka, wengine walikasirika wakaidai nafasi yao bila kujaza. Wote waliruhusiwa kuingia. Ukifanya hivi, usimzuie mtu kwa kweli na usisome majibu hadharani. Usumbufu mdogo wa kalamu mkononi unatosha, na mazungumzo ya baadaye huwa yamekwisha kuanza.

Mwisho wa tendo, velkro inavutwa, gauni linageuzwa nje ndani. Bitana tuliitoa kwenye vitambaa vilivyosalia vya nguo nilizowahi kushonea watu, na juu yake lilitariziwa jina la mvaaji, lile analoitwa na rafiki zake. Gauni livaliwe tena upande huo bila haraka, mbele ya watu. Ndiyo maana nilisisitiza umaliziaji safi: mshono mbovu ukifichuka dakika hiyo, tendo zima linakuwa kichekesho.

Kuna kitu kimoja nimekikataa kila mara nilipoombwa, nacho ni kuigiza kipigo. Watu wa transijenda waliouawa wana siku yao, tarehe 20 Novemba, inayoadhimishwa tangu 1999, na siku hiyo inataka utulivu, majina na mishumaa mbali na plastiki. Onyesho la mavazi linakaa vizuri zaidi karibu na tarehe 31 Machi, siku ya kuonekana kwa watu wa transijenda, iliyoanza 2009. Mtazamaji aliyezoea kutuona tukiteseka anatoka na huruma, na huruma hiyo huishia mlangoni. Afadhali atoke na hasira dhidi ya muhuri.

Watu kwanza, nguo baadaye

Katika nchi nyingi onyesho kama hili linaweza kumgharimu mtu nyumba au uhuru wake. Muulizeni wakili anayejua sheria za mahali mlipo kabla ya kuchapa tangazo. Mvaaji anayetaka kuficha uso, mtengenezee barakoa nzuri, na nyenzo zisikosekane: mikanda ya kaseti inatoa pazia la uso linalong'aa na kupumua. Kila mmoja aseme kwa maandishi kama anakubali kupigwa picha, na anaweza kubadili nia hata baada ya onyesho. Simu za watazamaji zifungwe kwenye bahasha mlangoni ikibidi. Mpange njia ya kutoka, nani anaondoka na nani, na nguo ya kawaida iwe karibu na mlango wa nyuma. Pasiwe na mtu anayerudi nyumbani peke yake akiwa na wino mwekundu shingoni.

Wavaaji walipwe. Nimechoka na maandalizi ambapo mwenye viti analipwa, mwenye spika analipwa, na mtu wa transijenda ambaye maisha yake ndiyo mada anapewa soda. Kama bajeti ni ndogo, punguzeni taa.

Baada ya kugeuza gauni, msemaji asimame mara moja kabla watu hawajatawanyika, aeleze ule mlango mmoja kwa dakika tatu, kisha aombe jambo moja linaloweza kufanyika wiki hiyo. Sisi tuliwaomba waajiri waliokuwamo wakubali kusoma vyeti pamoja na barua ya maelezo bila kumhoji mtu kuhusu mwili wake, na karatasi ya kutia sahihi ilikuwa tayari pale pale mezani, kando ya muhuri.

Halafu kuna gauni. Halifuliki. Lipulizie mchanganyiko wa siki na maji upande wa bitana, lianike kivulini, lihifadhi likiwa limetundikwa na si kukunjwa, pamoja na mabaki ya fomu za kuzibia mipasuko. Taasisi zitaliomba kwa maonyesho. Mimi hukubali kwa masharti matatu yaliyoandikwa: mvaaji aulizwe kwanza na alipwe, maelezo ya ukutani tuyaandike sisi, na gauni litundikwe mahali ambapo watu wanaweza kulizunguka na kuona pande zote mbili. Wakitaka kulibandika ukutani likitazama upande wa fomu tu, linabaki kabatini.